Mwezeshaji Asiye na Upande: Anayeongoza Kikao Bila Kukiamulia

Kila wiki wakazi wa Kinoru huketi vikao vingi. Kuna chama cha akina mama, kikundi cha vijana wa bodaboda, kamati ya maji, wazazi wa shule, wauzaji wa sokoni, jumuiya za makanisa na Nyumba Kumi. Vikao hivyo huamua mambo mazito: akiba ya miaka mitatu itumike vipi, mfereji wa maji upite wapi, nani apewe mkopo, na wadi iombe mradi gani. Mara nyingi kikundi kinapovunjika, watu huuliza ni nani aliyekula pesa. Lakini si kila kikundi huvunjwa na wizi. Vingine huvunjwa na kikao kilichoendeshwa vibaya.

Chukua mfano wa kikundi cha wafanyabiashara 32 wa sokoni. Kila mmoja ameweka akiba ya shilingi 15,000, na jumla ni shilingi 480,000. Siku ya kuamua matumizi imefika. Mwenyekiti anataka wanunue ploti ndogo nje ya mji, na tayari ameenda kuiona. Mweka hazina anataka mahema na viti vya kukodisha kwenye harusi na mazishi. Kikao kinaanza saa nane mchana na kufungwa saa kumi. Kwa saa hizo mbili mwenyekiti ndiye anayechagua wa kuzungumza, ndiye anayejibu kila hoja, na ndiye anayesema muda umeisha. Watu sita wanazungumza. Watu 26 wananyamaza. Mwishowe anauliza, "Kuna mwenye swali? Hakuna? Basi tumekubaliana." Makofi machache yanapigwa, na katibu anaandika kwamba wanachama walikubaliana kwa kauli moja.

Kikao cha pili kinaanza barabarani. Wakirudi nyumbani wawili wawili, wanachama wanasema yale ambayo hawakuyasema ndani. Je, ploti hiyo ina hati? Itaandikwa kwa jina la nani? Haraka ni ya nini? Mwezi unaofuata watano hawaleti mchango. Mwezi wa tatu wengine wanadai warudishiwe pesa zao. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika mfano huu hakuna aliyeiba hata shilingi moja, na huenda mwenyekiti alikuwa na nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba alikuwa na upande katika jambo lililokuwa likijadiliwa, na papo hapo ndiye aliyekuwa akiendesha mjadala. Katika uwanja wa Kinoru, hakuna timu inayoweza kukubali nahodha wa timu pinzani apulize kipenga, hata kama anajulikana kuwa mtu mwaminifu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hapo ndipo anapohitajika mwezeshaji asiye na upande.

Mwezeshaji ni nani?

Mwezeshaji ni mtu anayeendesha mazungumzo ya kikundi ili wanachama wenyewe wafikie uamuzi. Yeye hushughulika na namna kikao kinavyokwenda: nani amezungumza, nani hajazungumza, ajenda iko wapi, muda umebaki kiasi gani, na kama kila mtu anaelewa kinachoamuliwa. Uamuzi wenyewe si wake. Hapigi kura, hatoi pendekezo lake, na hapati faida wala hasara kutokana na matokeo.

Ni vizuri kumtofautisha na watu wengine ambao huchanganywa naye.

Mwenyekiti ni kiongozi wa kikundi. Alichaguliwa, ana mamlaka, hutia sahihi hundi, na atabaki hapo baada ya kikao kwisha. Mwezeshaji hana mamlaka hayo na kazi yake huisha kikao kinapofungwa.

Mpatanishi huitwa wakati watu tayari wana mgogoro. Hukaa na pande zote, wakati mwingine kila upande peke yake, akitafuta njia ya makubaliano. Mahakama za Kenya zilianza mpango wa namna hii jijini Nairobi mwaka 2016, ambapo baadhi ya kesi hupelekwa kwa mpatanishi kabla ya kusikilizwa na hakimu au jaji. Mwezeshaji hahitaji kusubiri mgogoro. Anafaa zaidi kabla haujazuka.

Mwamuzi, awe hakimu au mzee wa baraza, husikiliza pande zote kisha hutoa uamuzi. Mwezeshaji haamui.

Wazo la kutenganisha anayeongoza kikundi na anayeendesha mjadala lilifafanuliwa vizuri na Wamarekani wawili, Michael Doyle na David Straus, katika kitabu chao cha mwaka 1976 kuhusu mikutano. Walipendekeza kazi nne katika kikao: mwezeshaji anayeendesha mazungumzo bila upande, mwandishi anayeandika hoja mbele ya watu wote ili kila mmoja aone, wanachama wanaojadili na kuamua, na kiongozi ambaye, akiisha kukabidhi usukani, anaweza kutoa maoni yake kama mwanachama mwingine yeyote.

Jambo hilo la mwisho husahaulika. Mwezeshaji hamwondolei mwenyekiti heshima. Humpa nafasi ambayo hakuwa nayo: kutetea wazo lake waziwazi bila kushukiwa kwamba anawaziba wengine midomo. Mwenyekiti wa mfano wetu angeweza kusimama na kusema, "Mimi naunga mkono ploti, na sababu zangu ni hizi," kisha akaketi na kusikiliza.

Kazi kabla ya kikao

Kazi ya mwezeshaji huanza siku kadhaa kabla ya watu kukusanyika. Kwanza huketi na viongozi na kuuliza swali moja: kikao hiki kinatakiwa kumalizika na nini? Kupashana habari ni jambo moja, kukusanya maoni ni jingine, na kufanya uamuzi ni jingine tena. Vikao vingi huharibika kwa sababu viongozi walikuja kupasha habari huku wanachama wakidhani wamekuja kuamua.

Pili, husoma katiba ya kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kinachojisajili kiwe na katiba yake. Humo ndimo mwezeshaji huangalia akidi ni watu wangapi, uamuzi wa pesa unahitaji kura ngapi, na taarifa ya mkutano itolewe siku ngapi kabla. Kikao kizuri kisichofuata katiba kinaweza kupingwa kesho yake.

Tatu, huzungumza na wanachama wachache wa kila upande, pamoja na wale ambao kwa kawaida hawasemi. Hapo hugundua wasiwasi ambao haujatajwa hadharani. Haendi kuutangaza, anaandaa kikao ili wenye wasiwasi huo wapate nafasi ya kuutaja wenyewe.

Nne, huangalia mahali na saa. Kikao cha akina mama kikiwekwa siku ya soko, wengi watakosa. Kikiwekwa jioni, wenye watoto wadogo wataondoka mapema. Mahali penye ngazi humfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu. Hata viti vina maana: viongozi wakikaa mezani mbele na wanachama kwenye mistari nyuma kama darasani, wa nyuma watakuwa wasikilizaji tu. Wakikaa kwa mduara, kila mmoja humwona mwenzake usoni.

Kazi ndani ya kikao

Mwezeshaji huanza kwa kusema yeye ni nani, ameitwa na nani, na kama analipwa, nani anamlipa. Kisha hukubaliana na wanachama kuhusu kanuni chache. Haziamuru yeye, huwauliza. Kwa kawaida huwa ni hizi: simu zinyamazishwe, mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, hoja ipingwe bila kumtusi mwenye hoja, na yanayosemwa ndani kuhusu maisha ya mtu yasitoke nje. Kwa kuwa kanuni ni za wanachama, anapomkatiza mtu hamkatizi kwa amri yake, bali anamkumbusha makubaliano yao.

Kanuni nyingine muhimu ni lugha. Katika kikao kimoja Kinoru kunaweza kuwa na bibi anayejieleza vizuri kwa Kimeru, mfanyabiashara aliyetoka kaunti nyingine anayetegemea Kiswahili, na kijana anayechanganya lugha tatu. Mwezeshaji huuliza mapema ni lugha gani itumike, na huhakikisha kuna wa kutafsiri. Mtu asiyeelewa kinachosemwa hawezi kuhesabiwa kwamba amekubali.

Kisha kuna kazi ya kugawa muda. Watu 32 wakipewa dakika mbili mbili, wote watakuwa wamezungumza kwa dakika 64, na bado karibu saa nzima itabaki katika kikao cha saa mbili. Mara nyingi muda huwapo, ila umeshikwa na watu wachache. Mwezeshaji anaweza kuzunguka mduara mmoja mmoja, na anayetaka kupita apite. Anaweza kusema, "Tumewasikia waliokaa upande huu. Tuwasikie wa upande ule kabla ya kurudi."

Kimya kina sababu nyingi. Kijana anaweza kunyamaza kwa kuwaheshimu wazee. Mke anaweza kunyamaza kwa sababu mumewe au mama mkwe yuko kikaoni. Mwenye deni anaweza kumwogopa aliyemkopesha. Kwa watu kama hawa, kuuliza "nani ana swali?" mbele ya umati hakusaidii. Mwezeshaji huwagawa watu katika makundi madogo ya wanne au watano, pengine vijana peke yao na akina mama peke yao, wajadili kwa dakika 15 kisha msemaji wa kila kundi alete hoja za kundi. Hoja ikiletwa kwa jina la kundi, haimwelekezi mtu mmoja kidole.

Njia nyingine ni kura ya maharagwe. Kila chaguo huwekewa kikopo nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pembeni. Kila mwanachama hupewa haragwe moja, huingia peke yake na kulitia katika kikopo anachotaka. Asiyejua kusoma hupiga kura sawa na aliyesoma, na hakuna anayeona mkono wa mwenzake. Maharagwe huhesabiwa mbele ya wote.

Kazi ngumu zaidi ni kumshughulikia mwenye maneno mengi bila kumwaibisha. Mwezeshaji mzuri hufupisha hoja yake na kumrudishia: "Mzee, nimesikia mambo mawili: bei ya ploti itapanda, na pesa benki hazizai. Nimekuelewa sawa?" Mzee akikubali, hoja huandikwa ukutani kwenye karatasi kubwa. Sasa haina haja ya kurudiwa, kwa sababu kila mtu anaiona. Watu wengi hurudia neno kwa kuwa hawana hakika limesikika.

Likizuka jambo zuri ambalo si la siku hiyo, kwa mfano mkopo wa mwanachama fulani, mwezeshaji hulitia kwenye karatasi ya kando yenye kichwa "Ya kikao kijacho". Mwenye jambo huridhika kwamba halikutupwa, na ajenda husonga mbele. Kabla ya kufunga, karatasi hiyo husomwa na kila jambo hupewa siku yake.

Na hasira zikipanda? Mwezeshaji hazimi mjadala. Hutenganisha mtu na jambo. Mwanachama akisema, "Mwenyekiti anataka kutuibia," mwezeshaji anaweza kuuliza, "Ni jambo gani hasa kuhusu ununuzi huu linalokutia hofu?" Jibu likiwa, "Sijaona hati," kikundi kimepata swali linaloweza kujibiwa. Lawama haijibiki, swali hujibika. Ikibidi, hutoa mapumziko ya dakika kumi watu wanywe chai.

Turudi kwenye mfano wa wale 32. Kikao kilekile kikiendeshwa na mwezeshaji, maswali ya barabarani yangeulizwa ndani. Ingebainika kwamba wengi hawapingi ploti. Wanaogopa kununua ardhi ambayo hawajaichunguza. Basi uamuzi wa siku hiyo huenda usingekuwa ploti wala mahema. Ungekuwa kwamba watu watatu, mmoja kutoka kila upande na mmoja ambaye hajaamua, waende ofisi ya ardhi kuchunguza usajili wa ploti hiyo, waulize bei ya mahema kwa wauzaji wawili, na walete majibu baada ya wiki mbili. Shilingi 480,000 zingebaki benki kwa siku 14 zaidi, na kikundi kingebaki kizima.

Kazi baada ya kikao

Kabla watu hawajaondoka, mwezeshaji husoma kwa sauti kilichoamuliwa: nini kitafanywa, nani atafanya, lini, na kwa pesa kiasi gani. Huuliza kama kuna asiyekubaliana na maandishi hayo, na kama yupo, pingamizi lake huandikwa. Baada ya hapo kazi ni ya kikundi. Mwezeshaji anayeendelea kupiga simu akiuliza kwa nini ploti haijanunuliwa tayari amepata upande.

Mila ya baraza na fundisho la mwaka 2008

Kwa Ameru, kukaa pamoja hadi jambo lieleweke si jambo geni. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, Tigania, limekuwa likisikiliza mashauri ya ardhi, mifugo na familia tangu kabla ya serikali ya kikoloni. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 159, inatambua njia za kijadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu wala kwenda kinyume na sheria. Kazi ya mwezeshaji inafanana na ya mzee wa baraza katika usikivu na subira: kila upande husema hadi umalize. Tofauti ni kwamba mzee hutarajiwa kutoa hukumu au mwongozo, kwa kuwa ana busara na mamlaka ya mila. Mwezeshaji hutarajiwa kujizuia. Ndiyo sababu mzee anayeheshimiwa sana anaweza kuona kazi hii kuwa ngumu: akisema "mimi naona", wengine wote huacha kuona.

Wakenya wengi wanakumbuka mfano mkubwa zaidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia ziliua zaidi ya watu 1,000. Tarehe 22 Januari 2008 Kofi Annan aliwasili Nairobi akiongoza jopo lililokuwa pia na Benjamin Mkapa wa Tanzania na Graça Machel wa Msumbiji. Annan alikuwa mpatanishi, na alikuwa na uzito wa dunia nzima nyuma yake, kwa hiyo kazi yake ilizidi ya mwezeshaji wa chama cha mtaani. Lakini kuna jambo la kujifunza katika namna alivyopanga ajenda. Hakuanza na swali la nani alishinda. Tarehe 1 Februari pande mbili zilikubaliana kuhusu mambo manne na mpangilio wake: kwanza kukomesha ghasia, pili kuwasaidia waathiriwa, tatu mgogoro wa kisiasa, na nne matatizo ya muda mrefu kama vile ardhi, katiba na ukosefu wa ajira kwa vijana. Walianza na yale ambayo hakuna upande ungeweza kuyakataa. Makubaliano ya kugawana mamlaka yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008.

Mwezeshaji wa kikundi kidogo hufanya vivyo hivyo. Huanza na jambo ambalo wote wanakubaliana nalo, kwa mfano kwamba hakuna anayetaka pesa zipotee, kisha husogea kwenye lile gumu wakati watu wameshazoea kukubaliana.

Mikutano ya umma ya wadi

Kwa mkazi wa Kinoru, jambo hili haliishii kwenye chama. Linagusa bajeti ya kaunti pia. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeweka misingi ya ushiriki huo, ukiwemo kupata habari kwa wakati na kulinda maslahi ya walio wachache na waliotengwa. Sheria hiyohiyo inampa msimamizi wa wadi jukumu la kuwezesha na kuratibu ushiriki wa wananchi katika sera, mipango na huduma.

Kalenda ya bajeti inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa kifedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Katika hatua hizi mwananchi huitwa atoe maoni. Mkutano ukiendeshwa vibaya, wenye sauti kubwa huondoka na mradi, na mtaa ambao watu wake walikaa kimya husubiri mwaka mwingine.

Hapa pana ugumu unaofaa kusemwa wazi. Afisa wa kaunti anayeongoza mkutano kuhusu mradi wa kaunti ana upande, hata akiwa mtu wa haki. Mwakilishi wadi pia ana upande: ana wapiga kura na ahadi alizozitoa. Hilo si kosa. Ni kazi yao. Kwa hiyo mkutano huwa bora maafisa wanapobaki na kazi ya kueleza mradi na kujibu maswali, huku mtu mwingine akiendesha mjadala na mwingine akiandika maoni mbele ya watu.

Njia hii si ngeni katika eneo hili. Mradi wa kitaifa wa kilimo ujulikanao kama NARIGP, ambao Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa kaunti zake 21, uliwatumia wawezeshaji kuwasaidia wakulima kutambua mahitaji yao na kupanga miradi yao wenyewe kabla pesa hazijatolewa. Kaunti ya Makueni nayo imejulikana nchini kwa mikutano inayoanzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua hadi ngazi ya kaunti, ili hoja ya kijiji ifike juu ikiwa tayari imejadiliwa na wenyewe.

Mwananchi aliyehudhuria mkutano wa umma anaweza kuuliza maswali manne bila kumkosea mtu heshima. Nani anaendesha mjadala leo? Je, maoni yanaandikwa na yatasomwa kabla ya kufunga? Mkutano huu ni wa kuamua au wa kukusanya maoni tu? Majibu ya maoni yetu tutayapata lini na wapi?

Kumpata mwezeshaji anayefaa

Mwezeshaji si lazima awe mgeni kutoka mbali wala mwenye shahada. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya ya jamii, afisa wa maendeleo ya jamii, au mwanachama wa kikundi kingine. Vikundi viwili vinaweza kubadilishana: wa kikundi hiki anaendesha kikao kigumu cha kile, na wa kile wa hiki. Gharama hubaki kuwa nauli na chai.

Cha kuangalia ni mambo matatu. La kwanza, hana maslahi: hauzi ploti, hakodishi mahema, hana ndugu anayegombea cheo, hana deni na mmoja wa viongozi. La pili, pande zote zimemkubali kabla ya siku ya kikao. Mwezeshaji aliyeletwa na upande mmoja kwa siri hushindwa hata kabla hajafungua mdomo. La tatu, anajua kusikiliza. Ufasaha wa kuzungumza unaweza hata kuwa hasara, kwa sababu anayependa kuongea atayajaza yeye mwenyewe mapengo ambayo yangejazwa na wanachama.

Hakuna mtu asiye na maoni kabisa. Katika mji kama Meru, ambapo watu wanafahamiana na kuoana, kumpata asiye na uhusiano wowote ni vigumu. Kinachotakiwa ni uwazi. Mwezeshaji mwenye binamu katika kikundi aseme hivyo mwanzoni na aulize kama wanachama bado wanamkubali. Akiona katikati ya kikao kwamba jambo limemgusa, akabidhi kazi kwa mwingine. Kujitoa kwa namna hiyo huongeza heshima yake.

Pia kuna mambo ambayo mwezeshaji hayawezi. Pesa zikiwa zimeibwa, hilo ni la polisi na mahakama. Mtu akiwa ametishwa au kupigwa, hawezi kuketishwa na aliyemtisha ili "wazungumze waelewane". Na viongozi wakiwa tayari wameamua, kumwita mwezeshaji ili aupambe uamuzi wao ni kuwadanganya wanachama. Mwezeshaji mwaminifu hukataa kazi ya namna hiyo.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu

Si lazima kila kikao cha kila mwezi kiwe na mwezeshaji. Mchango wa kawaida na taarifa za kawaida mwenyekiti huzimudu. Mwezeshaji anafaa pale pesa nyingi zinapotumika kwa mara moja, viongozi wanapotofautiana, katiba inapobadilishwa, au kikundi kinapofikiria kugawana mali na kuachana. Kabla ya kikao kama hicho, viongozi wahakikishe yafuatayo:

• Lengo la kikao limeandikwa kwa sentensi moja na wanachama wamelipata pamoja na taarifa ya mkutano.
• Mwezeshaji amekubaliwa na pande zote, na kama kuna malipo, yanajulikana.
• Mwandishi wa hoja si mwezeshaji wala mwenyekiti.
• Hesabu na hati zinazohusika zipo kikaoni, ili watu wajadili wanachokiona.
• Njia ya kuamua imekubaliwa kabla ya mjadala: makubaliano, kura ya mikono au kura ya siri.
• Maazimio yatasomwa kabla ya kufunga, yakiwa na jina la mtekelezaji na tarehe.

Kipimo cha kikao kilichoendeshwa vizuri huonekana watu wanapotoka. Kama wanayozungumza barabarani ni yale yale waliyozungumza ndani, hata kwa upande ambao wazo lake halikupita, basi mwezeshaji amefanya kazi yake, na mwezi ujao mchango utaletwa.